Mwalimu Asiye na Namba

Mwalimu wa shule ya umma nchini Kenya hujulikana kwa namba kwanza, jina baadaye. Nenda ofisi ya elimu Lodwar kufuatilia uhamisho, likizo ya uzazi au pensheni, utaulizwa namba ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kabla hujaulizwa unaitwa nani. Mimi niliipata yangu mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipotoka chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya msingi Kakuma, nyumbani kwetu. Siku niliyojaza fomu ya benki ndiyo siku niliyojaza fomu ya makato ya Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT. Baadaye wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wa chama shuleni, kazi niliyoifanya Kakuma na kisha Lodwar mpaka nikastaafu. Katika miaka hiyo niliona jinsi walimu waliounganishwa na namba wanavyoweza kuitikisa serikali. Niliona pia nguvu hiyo inakoishia, na huku Turkana inaishia karibu.

KNUT ilizaliwa tarehe 4 Desemba 1957, ikasajiliwa 1959. Wakati huo walimu wa Kiafrika waliajiriwa na misheni na halmashauri mbalimbali, kila mwajiri na masharti yake. Mwalimu wa Wakatoliki na mwalimu wa halmashauri wangeweza kuwa na cheti kimoja na mishahara miwili tofauti. Turkana ya miaka hiyo ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni aliingia kwa kibali. Serikali ya mkoloni ilitutumia kama mahali pa kuficha watu iliowaogopa: Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kisha Kenyatta akawekwa kizuizini Lodwar mpaka 1961. Kwa hiyo wakati walimu wa sehemu nyingine za nchi wakijipanga, huku kwetu palikuwa pa kutupwa watu. Fikra hiyo haikuondoka na Mwingereza. Mwalimu kutoka Kisii au Murang'a akipewa barua ya kuja Turkana, jamaa zake humuuliza amemkosea nani.

Dai la kwanza kubwa la chama lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote, na mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria iliyounda TSC. Hilo ndilo tendo la kisiasa la KNUT ninaloliheshimu kuliko mengine yote, ingawa halikumbukwi kwenye hotuba kama migomo inavyokumbukwa. Kuanzia hapo mwalimu wa Lokichoggio na mwalimu wa Kiambu wenye daraja moja walisoma mshahara wao kwenye jedwali moja. Mtoto wa mfugaji aliyesomea chini ya mti akawa, siku ya mshahara, sawa na mtoto wa karani wa Nairobi. Sisi tuliotoka huku tunajua uzito wa jambo hilo. Namba ya TSC ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali iliyotutambua bila kuuliza tumetoka upande gani wa mto Turkwel.

Mwaka 1980 Rais Moi, naye aliyekuwa mwalimu kabla ya siasa, alifuta chama cha watumishi wa umma na chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu. KNUT ilibaki. Watu hutoa sababu nyingi. Mimi nina yangu, niliyoipata kwa kufanya kazi vijijini. Karani wa wizara alikuwa mjini, mhadhiri alikuwa chuoni, lakini mwalimu alikuwa kila lokesheni. Kakuma ya ujana wangu, barua ikitoka kwa kijana aliyeajiriwa Kitale, ilisomwa na mwalimu. Mzee akitaka kumwandikia mkuu wa wilaya kuhusu mifugo walioibwa, mwalimu ndiye aliyeshika kalamu. Uchaguzi ukifika, msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu, na makarani wake walimu. Kufuta chama cha watu hao kulimaanisha kugombana na nchi nzima kwa siku moja, kijiji kwa kijiji, na hakuna mwanasiasa asiyejua hesabu hiyo.

Oktoba 1997 ndipo hesabu hiyo ilipofanya kazi yake. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba, na Katibu Mkuu wetu Ambrose Adongo akaita mgomo. Sisi wa Kakuma tulisafiri kwa lori mpaka Lodwar kwa mkutano wa tawi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukuwa na simu za mkononi. Habari zilitujia kupitia redio, na kila saa ya taarifa umati ulinyamaza. Serikali ilikubali. Nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa mshahara wa msingi, pamoja na marupurupu, ilipwe kwa awamu ndani ya miaka mitano, na makubaliano yakachapishwa katika gazeti rasmi kama Tangazo la Kisheria namba 534. Walimu walilia kwa furaha. Mwishoni mwa Desemba wengi wa walimu haohao walibeba masanduku ya kura, katika mvua zile za El Niño zilizoharibu barabara mpaka upigaji kura ukaingia siku ya pili. Waliogoma Oktoba ndio waliolinda kura Desemba, tena kwa uaminifu. Sijaona kielelezo kingine kinachoonyesha wazi zaidi mwalimu alikuwa nani katika siasa za nchi hii.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha serikali ikasema haina pesa. Mgomo wa 1998 ukavunjika mikononi mwetu. Mwaka huohuo, wakati wakopeshaji wa nje wakiibana serikali ipunguze gharama ya mishahara, ajira ya walimu wapya ikasimamishwa. Chama kilikuwa kimeshinda vita vya bei ya mwalimu. Serikali ikapunguza idadi yake. Mijini na kwenye nyanda za juu, wazazi waliweza kuchanga wakaajiri mwalimu wa muda. Kakuma wazazi wangechanga nini, mbuzi? Mwalimu aliyestaafu, aliyefariki au aliyepata uhamisho hakujazwa nafasi yake. Niliunganisha darasa la tatu na la nne katika chumba kimoja, ubao nikaugawa kwa mstari wa chaki. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, watoto wakamiminika, na bado walimu walikuwa walewale.

Nasema hivi bila kukilaumu chama kwa kudai mshahara. Mwalimu alikuwa akilipwa kidogo mno, na madai yale yalikuwa ya haki. Lakini mkutano ule wa Lodwar haukuuliza swali moja: nani atailipia nyongeza hii ikiwa serikali haitaki kuilipa? Jibu lilikuja lenyewe, na lilikuwa limekaa sakafuni mbele yangu, watoto wa madarasa mawili wakinakili kutoka ubao mmoja.

Mgomo wa Juni 2013 ulinifundisha mengine. Chama kilikuwa bado kinadai marupurupu ya tangazo lile la 1997, miaka kumi na sita baadaye, sasa chini ya serikali mpya iliyokuwa imeahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tuligoma zaidi ya majuma matatu. Mjini Nairobi mgomo ulikuwa habari ya kwanza kila jioni. Kakuma ulikuwa na maana tofauti kabisa, kwa sababu shule ya Turkana ni jiko pia. Tangu miaka ya themanini Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali walikuwa wakileta chakula cha mchana katika shule za maeneo makavu: mahindi, maharagwe, mafuta. Watoto walikuja na kuni, akina mama walipika, na kwa watoto wengi ndicho kilikuwa chakula cha uhakika cha siku. Madarasa yalipofungwa, stoo ilifungwa pia, na nchi nzima ilizungumza kuhusu silabasi.

Bibi mmoja alinijia nyumbani wiki ya pili ya mgomo, ameshika mkono wa mjukuu wake wa darasa la pili.

"Mwalimu," akasema, "mmeikasirikia serikali. Mbona mmefunga sufuria?"

Nilimweleza habari za tangazo la kisheria na ahadi iliyovunjwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza tena swali lilelile, neno kwa neno. Mgomo ni silaha inayomuumiza mwajiri kwa kumnyima kazi. Mfanyakazi wa kiwanda akigoma, bidhaa hazitoki, na mwenye kiwanda anaumia. Mwalimu akigoma, anayeumia ni mtoto, na serikali inaumia pale tu mzazi wa mtoto huyo anapokuwa na sauti inayofika kwake. Mzazi wa Nairobi ana redio, ana mbunge anayemwogopa, ana majirani wanaoandika magazetini. Bibi yule alikuwa na miguu yake ya kuja mpaka mlangoni kwangu. Ndiyo maana mgomo mmoja unaweza kuwa mkali Nairobi na butu Turkana, huku ukiwanyima watoto wa Turkana zaidi kuliko wa Nairobi.

Septemba 2015 tuligoma tena. Mahakama ya Ajira, kupitia Jaji Nduma Nderi, ilikuwa imetupa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, na Rais Uhuru Kenyatta akasema pesa hazipo. Safari hii, kabla ya kutoka darasani, walimu wa shule yetu tuliketi na kamati ya wazazi chini ya mti. Tulikubaliana kwamba wazee washike funguo za stoo, akina mama waendelee kupika, watoto waje saa sita wale, na sisi tusiingie darasani. Hatukuomba ruhusa ya mtu yeyote. Walimu wawili walisema tunaudhoofisha mgomo. Siku tulipoandamana mjini Kakuma, wazazi waliandamana nasi, baadhi yao na fimbo zao na viti vyao vidogo vya mbao, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mgomo wa walimu wenye watu wengi wasio walimu kuliko walimu. Novemba Mahakama ya Rufaa ilitupilia mbali nyongeza ile. Tulishindwa kitaifa. Hata hivyo mwaka uliofuata, shule yetu ilipokosa mwalimu wa hisabati, wazazi walewale ndio waliokwenda kwa miguu ofisini kudai mwalimu, na hawakuhitaji mwakilishi wa chama kuwaongoza.

Turudi 2013, kwa sababu mgomo ule ulinionyesha jambo jingine ambalo sijaacha kulifikiria. Ng'ambo ya laga ya Tarach, mto wetu wa msimu, kuna kambi ya wakimbizi. Ilianza 1992, wavulana wa Sudan walipofika wakiwa wamechoka kuliko ninavyoweza kueleza. Leo kambi na makazi ya Kalobeyei yana watu karibu 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Shule za kambini huendeshwa na mashirika, na walimu wake wengi ni wakimbizi wenyewe. Wakati sisi tumegoma, kengele za kambini ziliendelea kulia. Baadhi ya watoto wetu wa Kakuma mjini walivuka laga asubuhi wakaketi katika madarasa ya ng'ambo, yaliyokuwa tayari na watoto zaidi ya mia moja kila moja. Waliofundisha watoto wa Kenya wiki zile walikuwa wakimbizi.

Nilivuka kwenda kumshukuru mmoja wao, kijana kutoka Sudan Kusini aliyesomea hapo hapo kambini na wakati huo akifundisha sayansi darasa la saba. Nilimkuta akisahihisha madaftari, rundo likimfika kifuani. Alinipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Nyinyi mkigoma, mzee, serikali inaita mkutano," aliniambia. "Sisi tukigoma, anaitwa mwingine aliye kwenye foleni."

Mkimbizi anayefundisha halipwi mshahara. Hulipwa kile wanachokiita insentivu, posho ya motisha, sehemu ndogo tu ya anacholipwa Mkenya anayefundisha chumba kinachofuata. Kwenye karatasi ni mtu wa kujitolea. Hana namba ya TSC, kwa hiyo hana hati ya mshahara. Hana hati ya mshahara, kwa hiyo hakuna mahali pa kukata ada. Hakuna ada, kwa hiyo hana chama. Yule kijana alikuwa na darasa kubwa mara mbili ya langu, silabasi ileile ya Kenya, mtihani uleule wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi. Namba iliyoniinua mimi, mtoto wa mfugaji, ikawa ukuta mbele yake. Na chama chetu, kilichopigana ili walimu wenye kazi moja wasilipwe kwa masharti mengi, kilikuwa kinaishi kilomita chache kutoka kwa walimu wa namna hiyo kimya kimya.

Sisemi chama hakijali maeneo ya mbali. Novemba 2014, magaidi waliposimamisha basi Mandera na kuua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo, KNUT na KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, waliwaambia walimu wasio wenyeji wasirudi huko mpaka usalama upatikane, na walikuwa na haki. Sisi tuliozoea kupita Kainuk, barabara ya kwenda Kitale, kwa msafara wa polisi tunajua hofu hiyo. Lakini walimu wakishaondoka kaskazini mashariki, ni nani aliyedai kwa nguvu ileile mwalimu wa kuziba nafasi? Chama kilijua kumtetea mwalimu aondoke. Hakikuwa kimejifunza kumtetea mtoto anayebaki.

Kisha ikaja 2019. Mkataba wa pamoja wa miaka minne uliotiwa saini Oktoba 2016, wenye thamani ya shilingi bilioni 54, ulikuwa umefungamanishwa na mwongozo mpya wa kupandisha vyeo. KNUT chini ya Wilson Sossion ilikwenda mahakamani kuupinga mwongozo huo, na Julai 2019 Jaji Byram Ongaya akaipa ushindi. TSC ikauchukua uamuzi huo ikautekeleza kwa namna yake: wasio wanachama wakapata awamu iliyofuata ya nyongeza, wanachama wa KNUT wakaachwa. Walimu wakaanza kujitoa. Chama kilichokuwa na wanachama takriban 187,000 katikati ya mwaka huo kilibaki, katika miaka miwili, na sehemu ndogo mno. Matawi yakashindwa kulipa kodi. Juni 2021 Sossion alijiuzulu mkesha wa uchaguzi wa chama, Collins Oyuu akachukua uongozi, na mazungumzo na mwajiri yakaanza upya kwa sauti ya chini.

Nilikuwa Lodwar wakati huo. Mmoja baada ya mwingine wenzangu walinijia kuniaga, kana kwamba wanahama kijiji. Sikumlaumu yeyote, mwalimu mwenye watoto watatu sekondari hawezi kuacha nyongeza kwa ajili ya kadi. Watu walimtupia Sossion lawama, kwamba alichanganya chama na siasa za vyama, maana 2017 alikuwa ameteuliwa mbunge na chama cha upinzani cha ODM. Kuna ukweli hapo. Katibu wa walimu akikaa upande mmoja wa Bunge, upande wa pili hauna sababu tena ya kumbembeleza. Lakini mimi naliona tatizo la zamani zaidi. Tulikuwa tumejenga chama juu ya karatasi ya mwajiri. Mwajiri ndiye aliyehesabu wanachama, ndiye aliyekata ada, ndiye aliyeituma. Kwa miongo mingi urahisi huo ulituondolea kazi ya kumshawishi mwalimu mmoja mmoja kwa nini chama ni chake. Siku mwajiri alipoamua, alikausha chama chetu kama mtu anayefunga mfereji, bila polisi wala marufuku. Moi wa 1980 hakuthubutu. Sasa hakukuwa na haja hata ya kuthubutu.

Nani alibaki Lodwar? Nilitazama nyuso kwenye mkutano uliofuata, tukiwa wachache kiasi cha kukaa kwenye mabenchi ya darasa moja. Wengi walikuwa wale waliokuja mikutanoni hata miaka ambayo hakukuwa na nyongeza. Walikuwapo pia walimu watatu wa ile shule ya Kakuma iliyopikia watoto wakati wa mgomo. Ada tuliikusanya kwa kupitisha kofia, kila mtu alichonacho. Kikao kile kilikuwa kidogo na kilijadili mambo kwa undani kuliko mikutano mingi mikubwa niliyohudhuria.

Ndipo niliposimama kuwazungumzia walimu wa ng'ambo ya Tarach, na nimeendelea kufanya hivyo hata baada ya kustaafu. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda na kujiunga na chama cha wafanyakazi, haisemi raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi mwenye sifa zinazotambuliwa kufanya kazi. Sheria hizi mbili zikiwekwa pamoja, ninayoyaomba hayapiti mipaka. Chama kiwafungulie uanachama wa mkono, ada ndogo inayolipwa mkutanoni bila kupitia hati ya mwajiri yeyote. Kiishinikize TSC iwasajili wale waliohitimu ualimu. Na mazungumzo ya mkataba yajayo yawe na mstari mmoja kuhusu ukubwa wa darasa katika kaunti kame, upiganiwe kama mshahara unavyopiganiwa, kwa kuwa hapo mwalimu wa Kakuma mwenye namba na asiye na namba wana dai moja, na bibi wa mlangoni kwangu analo hilohilo.

Wenzangu kadhaa wananipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema vijana wengi wa Turkana waliohitimu ualimu wako nyumbani bila ajira, na kuwafungulia mlango wakimbizi ni kuwaongezea foleni. Nimewajibu hivi: foleni ile iliundwa 1998, serikali ilipoacha kuajiri, na haijawahi kufupishwa na mtu kufungiwa nje. Mkimbizi anayefundisha kwa posho leo anamwonyesha mwajiri kwamba darasa la watoto mia moja linaweza kuendeshwa kwa bei hiyo. Alipwe kama mwalimu, na bei hiyo haitakuwapo tena ya kumlinganishia kijana wetu. Hoja hiyo tutaijadili tena mkutano wa tawi ujao, na nimeomba walimu wawili kutoka kambini waalikwe waizungumze wenyewe.